Tulipanga kukarabati nyumba ya maman hapa Bukavu, yeye akakataa kutoka

Wakuu, salamu kutoka Bukavu.

Nyuzi zenu za ujenzi nimezisoma sana bila kuchangia. Leo naleta ya kwetu. Chumvi sijaongeza, mambo yenyewe yalitosha.

Nyumba ni ya wazazi, iko Kadutu, kwenye mteremko. Unaacha barabara kule juu, unashuka ngazi za mawe mpaka mlangoni. Papa alishafariki. Maman anakaa hapo na mimi na mke wangu.

Mwaka jana maman aliteleza kwenye zile ngazi, akavunjika mguu. Mfupa ulishika, ila nguvu haikurudi. Kanisani akawa hafiki, sokoni hafiki. Majirani ndio walikuwa wanashuka kumsalimia.

Basi tukaanza kupanga ukarabati. Mimi, kaka yetu mkubwa anayeishi Kinshasa, na dada yetu Furaha aliyeolewa Walungu. Kila Jumapili tuko kwenye video call.

Kaka alitaka ghorofa. Furaha alitaka saloni kubwa ya kupokea wageni, yenye vigae. Mimi nilitaka njia ya maji.

Wenye nyumba za mteremko mtanielewa. Hapa mvua ikikosa pa kupita, inapita ndani. Na kwa kuwa gari haifiki mlangoni, kila jiwe na kila mfuko wa simenti unashuka kwa mgongo wa mtu. Kwa hiyo tulikubaliana vifaa vishushwe mapema na kazi ianze kiangazi.

Mafundi wakapatikana. Mawe yakashushwa. Vyumba vyote vingebomolewa kwa pamoja. Mimi na mke wangu tungepanga chumba jirani, maman angeenda kwa Furaha mpaka kazi iishe.

Nikabaki mimi wa kumwambia.

Alikuwa anachambua maharagi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi siko natoka mu nyumba yangu."

"Maman, ni kwa miezi michache tu. Tutakurudisha."

"Hata shangazi yenu walimuambia hivyo hivyo."

Akarudi kwenye maharagi yake.

Shangazi yetu, dada yake papa, watoto wake walimtoa nyumbani wakisema wanapiga rangi. Wakampeleka kijijini. Rangi ikapigwa kweli, halafu wapangaji wakaingia. Alikuwa akiuliza kila mgeni kama rangi imekauka. Tulimzika hukohuko.

Nilijiambia maman anaogopa bure, sisi hatuko watu wa namna ile. Lakini neno lake halikunitoka. Jumapili nikamuuliza kaka wazi, Furaha akiwa anasikia:

"Kazi ikiisha, maman anarudi, si ndiyo?"



"Tuone kwanza," kaka akasema. "Nyumba ikishakuwa nzuri, watu wa maofisi wataitaka kupanga. Na maman atakuwa ameshazoea Walungu."

Furaha akaanza kulia. "Kaka, mimi nilitengeneza kitanda cha mgeni," akasema. "Sikutengeneza cha kumuficha mama yetu."

Kaka akakata simu.

Nilirudi kwa maman. Nikakaa chini karibu naye, nikamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: "Wewe unataka nini mu nyumba hii?"

Hakuwaza hata kidogo. "Chumba changu kikuwe juu, karibu na barabara. Nione watu wanapita."

Ghorofa ikafa siku ileile. Mimi na Furaha tukapanga upya na mafundi. Kwanza mfereji wa maji. Halafu chumba cha maman juu, kwenye kona ya parcelle, kiwanja chetu, iliyokuwa ya migomba, chenye choo chake na mlango unaotazama barabara, bila ngazi hata moja. Mpaka ahamie humo, nyumba ya chini isiguswe.

Kazi ilikwenda polepole na vumbi tulilikula. Saloni imebaki vilevile, vigae hakuna. Kaka kwenye grupu ya familia anaandika "Amina" tu siku za maombi. Inaniuma, sitadanganya.

Asubuhi ya kwanza baada ya kuhamia juu, nilipanda kumpelekea chai. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, yeye hayuko. Nikatoka mbio.

Nikamkuta ng'ambo ya barabara na fimbo yake, anabishana bei ya ndizi na muuzaji. Aliponiona akasema, "Weka chai mezani, niko nakuja."

Nilichojifunza: kabla hujamwita fundi apime ukuta, muulize anayelala ndani. Na kama kuna mzazi wa kuhamishwa, ndugu wote waseme mbele yake atarudi lini na wapi.

Sasa semeni na nyinyi. Waliokarabati na mzazi akiwa ndani, mliwezaje? Na huyu kaka yangu, nimtafute mimi kwanza au nimwache apoe?