Chumvi ya Mwisho Iliingia mu Sabuni

Mujukuu wangu anasoma chimie, ile kemia, hapa Baraka, na nasema bila haya: hakuna mutoto anamupita. Juzi alinisomea daftari yake. Mafuta yakipikwa na maji ya majivu yanageuka sabuni. Ukitia chumvi, sabuni inajitenga na maji. Nikamuambia, "Mujukuu, hiyo mi niliisoma mu chungu."

Ilikuwa wakati wa vita. Tulikimbia kijiji cha Lweba, tukapanda milimani, mi, mama mukwe wangu na batoto wangu batatu. Mitumbwi haikuvuka tena ziwa kuleta vitu, basi sabuni hakuna. Batoto balishikwa na upele, banajikuna mpaka damu. Mama mukwe alikuwa na kibidon kimoja cha mafuta ya mawese. Akanipa nusu, uso umekunjamana kama vile namung'oa jino.

Nikachoma maganda ya ndizi, majivu nikayaweka mu kitunga, nikamwanga maji juu. Yakachuruzika polepole, rangi ya chai. Kwetu tunayapima na yai: likielea, maji iko makali. Lakini basoda, hao baaskari, balikuwa bamemaliza kuku yote. Nikaweka ulimi. Ukaungua! Vizuri.

Nikapika na mawese tangu asubuhi. Jua likapita utosini, chungu iko uji tu.

"Umeniulia mafuta," mama mukwe akasema.

Nilijua dawa yake ni chumvi. Na chumvi yetu ilikuwa viganja viwili, imefungwa mu kitambaa kiunoni mwa mama mukwe.

"Nipe chumvi, mama."

"Chumvi? We unaungia sabuni, halafu mboga ya sombe tutaunga na nini? Na machozi yako?"

"Angalia mugongo wa mujukuu wako."

Aliangalia. Akafungua kitambaa, akamwanga yeye mwenyewe, yote, akakung'uta mpaka punje ya mwisho. Uji ukakatika kama maziwa yameganda, sabuni ikapanda juu, maji meusi yakabaki chini. Nikapiga vigelegele nikasahau tunajificha; akaniziba mudomo na kiganja.

Tukaosha batoto na manguo mutoni. Mikono yao ikaanza kutulia. Sombe tulikula bila chumvi majuma mengi, na kila tonge lake lilikuja na neno: "Muke wa mwanangu, hebu leta sabuni nirambe!" Halafu anacheka mpaka anakohoa. Leo chumvi iko kila duka. Yeye haiko. Kile kicheko ndicho natamani.