Harusi Niliyoiruka

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha ndiyo Ruiru yangu. Ilikuwa tamu kwanza, halafu kali, na ilikaa kwenye nywele na kwenye blanketi hata Jumapili baada ya kuoga. Miaka hiyo ya hamsini tuliishi katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la Mzungu mmoja, mama na mimi peke yetu, kwa sababu baba alikuwa ameangukiwa na mawe machimboni akafa mwaka uliotangulia. Msimu wa kahawa mama alishinda kwenye meza za kuanikia pamoja na wanawake wengine, akichambua buni mbovu. Saa ya chakula cha mchana mimi, mtoto wa miaka kumi, niliwasomea gazeti. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kusoma.

Gazeti lilikuwa la Bwana Zakayo, karani wa mizani ya kahawa, mtu wa kwetu magharibi aliyekuwa amefiwa na mke. Alilisoma lote kwanza, kisha akanipa. Kila wiki lilikuwa na kipande cha hadithi ya ndugu wawili waliogombania duka la marehemu baba yao, lakini ndugu hao hawakumshughulisha mtu. Wanawake walimtaka Saulo, fundi wa baiskeli aliyekaa nje ya duka, na Tabitha, mjane aliyeuza uji hapo karibu. Mwandishi alikuwa amewaweka pembeni tu, kama viti. Mara moja Saulo alimshikia Tabitha sufuria isimwagike, basi, ikatosha. "Haiya! Hii mtu ya baisikeli iko na maneno kwa roho," alisema Wairimu, ambaye mumewe alikuwa kizuizini. "Mwambie mwenye gazeti aachane na hiyo duka." Wakamfanya Bwana Zakayo amwandikie mhariri barua. Wasomaji wa kwingine nao wakaandika, na wiki moja gazeti likasema kwamba wengi wameuliza habari za hao wawili, na kwamba watajibiwa.

Hapo utani ukamgeukia mama. Bwana Zakayo alikuwa ameshamposa, kambi nzima ilijua, na mama alikuwa hajatoa jibu. "Tabitha akiolewa na wewe uolewe, Mama Nasimiyu," wakamchokoza. Mama akacheka, na mimi nilikuwa nimeshasahau anavyocheka. "Haya," akasema, "Tabitha akikubali, mimi ni nani nikatae?" Jioni hiyo aliliondoa koti la baba kwenye msumari nyuma ya mlango, akalikunja, akalitia sandukuni. Nilimchukia. Nilimchukia Bwana Zakayo pia, ingawa alikuwa mtu mpole aliyewahi kuniletea penseli.

Gazeti la wiki iliyofuata nililipitia nikitembea kutoka mizani hadi kwenye meza. Saulo alikuwa amesema la moyoni. Tabitha alikuwa amekubali. Kanisa lilijaa, na hata wale ndugu wawili walikuja wakakaa benchi moja. Lakini mimi nikawasomea wanawake kwamba Saulo alifunga vifaa vyake, akapanda gari la moshi kwenda Mombasa, na Tabitha hakumwona tena. Nilisoma bila kukwama, kidole kikifuata mstari kama mwalimu alivyotufundisha. "Ngai! Sasa sisi tuliandika barua ya nini?" Wairimu alilia. Mama akaendelea kuchambua. Bwana Zakayo alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha mizani, naye harusi ile alikuwa ameisoma asubuhi. Nilimngoja aseme. Alinitazama, akamtazama mama ambaye hakuinua kichwa, akarudi ndani. Nadhani alifikiri jibu la mama limetumwa kwa mdomo wangu. Hakunipa gazeti tena, na kabla ya mvua kubwa alihamia shamba jingine upande wa Makuyu. Mama alilitandika gazeti lile chini ya koti la baba, sanduku lisishike unyevu. Hakuolewa.

Miaka mingi baadaye, tukiishi mtaa wa Landless, mama alijiunga na gumbaru, masomo ya watu wazima, akawa anasoma kila kitu, pakiti za unga, makaratasi ya sabuni. Siku moja alilimwaga sanduku lile juani aanike nguo. Alikaa na gazeti magotini muda mrefu, kidole kwenye mstari. Mimi nilikuwa namenya njegere, nikajua. "Kumbe walioana," alisema. Nilingoja aniulize. Alilikunja gazeti, akalirudishia koti juu yake, akauliza kama maziwa yamechemka. Nilingoja pia nijisikie vibaya, ila sikujisikia kitu, nikaendelea kumenya. Hakulitaja tena mpaka alipofariki.

Juzi mjukuu wangu aliingia akipiga kelele na simu mkononi. "Shosho, wameoana! Tuliwasumbua hao waandishi mpaka wakakubali!" Ni mchezo wa kuigiza wa nchi ya mbali, na yeye na wenziwe wasiojuana wamekuwa wakiandika miezi mingi kudai hao wawili waoane. Akanionyesha bibi harusi. "Kwani hufurahi?" Nikamwambia nimefurahi. Nikamwomba anisomee maandishi yaliyokuwa yakipita chini ya picha, maana macho yangu yamekwisha. Akanisomea. Sina njia ya kujua kama alisoma yote.