Mkwe Anayesimama Kwenye Nyasi

Ashukuriwe Mungu, aliyenifikisha umri wa kupewa kazi ambazo vijana wenye akili huzikataa. Mojawapo ni kuwa mshenga.

Desemba iliyopita nilimsemea kijana wa kanisa letu la Isipingo. Amelelewa hapa Durban na wazazi Wakongo, na sasa anacheza besiboli Amerika kwa mshahara, akirudi nyumbani msimu ukiisha. Kwa desturi yetu, siku ya kujitambulisha mchumba hafungui mdomo. Mshenga ndiye hueleza kijana ni nani na anaishi kwa kazi gani. Nilifunga siku mbili ili Bwana anipe maneno. Ingefaa zaidi kama ningeutazama mchezo wenyewe.

Tulipokelewa mtaa wa Berea, katika fleti ya wazazi wa binti. Meza ilikuwa tupu, maana katika familia ile soda haziletwi mpaka jibu liwe ndiyo. Wajomba wanne walikuwa wamevaa suti, kila mmoja akijiona ndiye mwenye binti. Mkubwa wao, mwenye duka la simu ambalo mkewe ndiye hulifungua na kulifunga, akauliza kazi ya kijana. Nikasema husimama mbali, kwenye nyasi, akingojea mpira.

"Na kama mpira haikuje?"

"Anaendelea kusimama," nikajibu, kwa sababu sikujua zaidi.

Mmoja akauliza kama nyasi hizo hazina ng'ombe. Wakacheka. Nikajaribu kuokoa jambo: nikasema kijana pia hupiga mpira kwa gongo, na akifaulu mara tatu kati ya kumi, uwanja mzima humsifu. Hapo ndipo nilipomzika.

"Papa mzee," akasema mjomba mkubwa, "watu wa kushindwa mara saba tuko nao tayari katika familia."

Wenzake wakatazama viatu vyao. Jikoni, alikokuwa binti, vikombe vilinyamaza.

Ndipo mama wa binti, ambaye naye hakutakiwa kusema, akamgeukia kijana. "Mwanangu, mpira ukienda kwa mwenzako, wewe unafanya nini?"

"Ninakimbia nyuma yake, mama. Labda utamponyoka."

"Na usipomponyoka?"

"Ninarudi mahali pangu. Ukipigwa tena, ninakimbia tena."

Mama akawageukia kaka zake, akawauliza, mwaka ule alipolazwa hospitali miezi miwili, ni nani kati yao aliyekimbia nyuma yake. Mjomba mkubwa akaanza kueleza shughuli za duka. Baba mwenye nyumba, aliyekuwa akingojea mtu atangulie kuwa na maoni, akaitikia kwa kichwa.

"Binti," mama akaita, "leta soda."

Hivyo ndivyo mfungo wangu ulivyojibiwa, kwa vinywa vya wawili waliopaswa kunyamaza. Mimi msemaji nilikunywa soda mbili.

Wewe unayesoma, Bwana akuwekee mtu wa kukimbia nyuma yako, hata siku ambazo hakuna kinachokuponyoka. Amina.