Umri wa Bibi Kwenye Struct

Juzi nilipita Makandana kupeleka suti kwa fundi, nikajikuta nimesimama ndani ya chumba kilekile nilichojifunzia kuandika programu. Kompyuta zilikuwa nne, moja mbovu. Mvua ya Tukuyu ilipopiga bati, mwalimu alilazimika kufundisha kwa kupiga kelele.

Mwalimu huyo alitoka Tanga. Alitufundisha kwamba struct ni jina moja linalobeba habari kadhaa za kitu kimoja. Unaelezea kwanza muundo wake, kisha ndipo unaujaza watu. Mimi nilitunga struct ya mwimbaji wa kwaya: jina, umri, sauti. Jina nililipa nafasi ya herufi kumi. Nikamjaribu mwalimu, mwenye jina la herufi tatu, na kila kitu kikatoka sawasawa.

Bibi, aliyenilea kule Kawetele, hakuridhika. Kila Jumamosi nilimwachia chai shambani achume peke yake. “Nitakuja nione,” alisema. “Kama ni mchezo, unarudi kwenye kikapu.”

Akaja kweli, na kitenge chake cha kanisani na ndizi za kuchoma zikiwa bado moto. Kiti akapewa. Nikaingiza umri wake, sabini na moja, kisha jina lake la ukoo, moja ya yale majina yetu yanayoanza na Mwaka na hayaishi upesi. Nikabonyeza.

Jina lilitoka zima. Umri: miaka elfu ishirini na nne, mia tisa na ushee.

Wenzangu wakaangua kicheko. “Shikamoo tena, bibi!” mmoja akapaza sauti. Nilikwisha kuuona mgongo wangu chini ya kikapu cha chai. Mwalimu akainama kwenye kioo, akacheka. “Herufi kumi kwa Mnyakyusa? Zilizozidi zimemwagikia kwenye umri, jirani yake ndani ya kumbukumbu.”

Bibi aliifuata ile namba kwa kidole kwenye kioo.

“Kyala gwangu, Mungu wangu! Kumbe ndiyo maana magoti yanauma.” Akasimama, akajifunga kitenge. “Jumamosi ijayo urudi hapa unipunguzie.”

Nikaongeza nafasi za herufi hadi arobaini, nikampunguzia hadi sabini na moja. Nilipompa habari, alinuna: mwaka mmoja bado nimezidisha.

Sasa chumba kimejaa cherehani, na bibi amekwisha kutuacha. Umri wake naweza kuuandika nitakavyo. Hakuna tena wa kunibishia.