Korongo Lililorudi Nyuma

Kabla sijastaafu nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka soko la Ikutha. Kazi yangu kubwa ilikuwa kutunza funguo. Nilikuwa na kabati la chuma ofisini, na kitu kikishaingia humo kilikuwa salama, hata mbele ya walimu wenyewe. Mpira wa miguu niliwahi kuutoa mara moja tu. Ulirudi umepasuka, na tangu siku hiyo sikutoa kitu tena.

Mwalimu Mbithe alihamia kwetu kutoka Mbumbuni, upande wa Makueni, akiwa na sanduku moja, baiskeli moja, na swali moja lililonichosha kabla wiki haijaisha. "Umejuaje?" Ukimwambia kesho kutanyesha, umejuaje? Ukimwambia Gredi ya Nne hawawezi kugawanya, umejuaje? Pasta wetu alipotangaza kwamba ibada ya Pasaka ilikuwa na watu elfu moja, Mbithe alimngoja mlangoni akamuuliza, kwa heshima zote, ni nani aliyehesabu. Yeye alikuwa amehesabu mabenchi. Alipata watu mia tatu na arobaini, pamoja na watoto wa mgongoni.

Baba yake alikuwa mchimba matuta. Kule kwao miteremko yote imekatwa ngazi za kuzuia maji, na tangu akiwa mdogo Mbithe alikuwa akishikishwa ncha ya uzi baba yake akitafuta usawa wa ardhi. Nadhani hapo ndipo alipoharibikia. Mtu aliyejifunzia hesabu kwenye shimo la udongo huwezi kumtuliza na ubao na chaki.

Basi Gredi ya Nne ikawa haikai darasani. Mara wanapima vitalu vya sukuma wiki, mara wanachora ramani ya kijiji kwa majivu uwanjani, na vumbi lote linaingia ofisini kwangu. Nikilalamika, ananiambia, "Deputy, njoo uone kwako. Tumekuweka kwa ramani." Sikwenda. Baadaye nilipita hapo kama mtu anayeelekea kwingine, nikaiona nyumba yangu, na choo changu wamekiweka upande usio wake. Nilikisogeza kwa kiatu.

Nyuma ya darasa la Gredi ya Pili kuna korongo. Ukiwasimamisha watu wawili humo, mmoja juu ya mabega ya mwenzake, hutaona kichwa. Mbithe aliwatuma watoto wakawaulize bibi na babu zao lilianzaje. Hilo likawa somo la jamii la wiki mbili. Walirudi na majibu kumi na mawili, wakayagombania, wakarudi kuuliza tena, mpaka wakapata jibu moja: palikuwa njia ya ng'ombe wanaopelekwa mnadani. Kwato zilichimba, maji yakafuata. Mimi nilizaliwa hapa na sikujua. Nilidhani korongo lilikuwako tangu uumbaji. Nilifurahi kulijua jambo hilo, lakini sikumwambia Mbithe.

Ndipo akaja ofisini kuuliza kama shule ina tepu ndefu, watoto wapime umbali kutoka ukuta wa darasa mpaka ukingo wa korongo. Tepu ilikuwapo. Ya chuma, mita thelathini, tuliyopewa na wafadhili, bado imo kwenye boksi lake. Ilikuwa kabatini, pale pale nyuma ya mgongo wangu.

"Shule haina tepu," nikamwambia.

Hakuniuliza nimejuaje. Aliniamini, akaenda zake.

Walitengeneza kamba. Kila mtoto alileta nyuzi za mkonge, akina mama wanaosuka vikapu wakaja kuwafundisha kusokota, na kila mita moja wakafunga kitambaa cha sare kuukuu. Vitambaa vilikuwa thelathini na vitano. Kila Januari Gredi ya Nne mpya ilirithi kamba hiyo ikapima. Mwaka wa kwanza walipata mita thelathini na moja. Wa pili, ishirini na saba. Halafu ishirini na nne. Januari ya mwaka wa nne, kumi na tisa. Walichora grafu ya milingoti minne kwenye karatasi kubwa ya manila, kila mmoja mfupi kuliko uliotangulia, na watoto wakakadiria kwamba mtoto aliyezaliwa mwaka huo hatawahi kuketi katika darasa hilo. Waliandika hivyo hivyo chini ya mchoro. Niliyasoma mara mbili.

Mbithe aliomba kikao cha wazazi mwishoni mwa Machi. Alitaka mwethya, yaani ile kazi ya pamoja ya kijiji, kwa wiki mbili: kupanga mawe ndani ya korongo, kuchimba mtaro wa kugeuza maji, kupanda mkonge ukingoni. Wakati huo mvua ilikuwa imeanza na kila mtu alikuwa na shamba linalomwita. Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Nyamai, alisema alichotakiwa kusema.

"Mwalimu, sisi hatukatai. Lakini wiki mbili ni mingi, na magugu haingoji. Hizi project za CBC, hii mtaala mpya, tumezoea kuletewa nyumbani. Pimeni hapa mbele yetu, tuone hiyo bonde inatembea."

Kulikuwa kumenyesha usiku tatu mfululizo, na kamba ilikuwa imesahauliwa juu ya ua. Watoto wawili waliivuta kutoka ukutani mpaka ukingoni. Mbithe alihesabu vitambaa kwa sauti, wazazi wakihesabu pamoja naye. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini.

Nyamai akasema, "Asi! Korongo imeogopa mwalimu. Imerudi nyuma!"

Watu walivunjika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote, na bado naona haya nikikumbuka. Mbithe alihesabu tena. Ishirini. Alisimama na kamba mkononi, uso umemshuka, na nikadhani atatafuta maneno ya kujitetea, kwa maana mimi ningeyatafuta.

"Sijui imekuwaje," alisema. "Nipeni mpaka Ijumaa nijue."

Mwalimu kusema hajui mbele ya wazazi! Walitawanyika wakitikisa vichwa. Nyamai alimwambia watakuja Ijumaa kwa heshima tu, na kwamba Jumamosi kila mtu ataingia shambani kwake.

Jumatatu aliandika ubaoni: Korongo limerudi nyuma? Nilisimama nje ya dirisha nikijifanya nakagua vioo. Watoto walitoa kila walichoweza kufikiria. Labda mchanga umejaa ukingoni. Wakatoka, wakaangalia: ukingo ulikuwa mpya, mbichi, mizizi inaning'inia. Labda mtu ameiba kipande cha kamba. Wakahesabu vitambaa, vyote thelathini na vitano vilikuwapo. Mutindi, msichana asiyeogopa kuchekwa, alisema labda ukuta ndio uliosogea. Hakuna aliyecheka. Walikwenda kuukagua ukuta.

Aliyelifungua jambo alikuwa Anab, binti wa Mzee Kusow anayenunua mbuzi pale Ikutha.

"Mwalimu, mvua ikinyesha, baba hutuambia tulegeze kamba za mbuzi. Tusipolegeza, zinawakaba."

"Kwa nini zinawakaba?"

"Zinakuwa fupi."

"Umejuaje?"

"Nimeona mbuzi!"

Walikata vipande viwili kutoka kamba moja iliyokuwa kavu, kila kimoja mita kamili. Kimoja wakakitia kwenye beseni la maji. Baada ya chakula cha mchana walikitoa, wakakilaza kwenye rula ya mita. Kilikuwa kimepungua sentimita saba na nusu. Wakapiga kelele kama timu iliyofunga bao. Nami pale dirishani nilisahau kujifanya nakagua vioo. Kamba iliyolowa ina mita fupi, kwa hiyo mita nyingi zaidi hutosha mahali pale pale. Korongo halikuwa limerudi popote.

"Sasa liko wapi?" Mbithe aliuliza. Wakaitazama kamba iliyolowa. Mvua bado ilikuwa inanyesha na kamba isingekauka kabla ya Ijumaa. Angeweza kupiga hesabu ya kurekebisha, lakini nani angeiamini? "Tungepimia kitu kisichokunywa maji," alisema. "Kitu gani hakinywi maji?"

Wakataja glasi. Wakataja plastiki. Kisha watatu wanne kwa pamoja: "Chuma!"

Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu. Niliushika, halafu nikarudi ofisini nikaketi. Siku nne nilizunguka nao. Ningeweza kusema tepu imeletwa jana, nani angejua? Nililala na uongo huo, nikaamka nao, na kila nilipoujaribu nilisikia lile swali lake.

Ijumaa wazazi walikuja wachache, wengine na majembe mabegani tayari kuondoka. Watoto waliwaonyesha beseni na vile vipande viwili. Akina mama wasukaji waliitikia kwa vichwa. Kamba walikuwa wanaijua, ila hakuna aliyewahi kuwauliza. Nyamai alisema ni sawa, amekubali, lakini basi hakuna anayejua korongo liko wapi.

Nilisimama na boksi mkononi.

"Hii ni tepu ya shule," nikasema. "Ni ya chuma."

"Imenunuliwa lini?" Nyamai aliuliza.

Mbithe alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Haijanunuliwa. Iko kabatini miaka tisa. Mwalimu aliniomba, nikamwambia haipo."

Hakuna aliyecheka safari hii, na ningependa wangecheka. Mzee Nyamai aliichukua tepu, akaivuta kidogo, akaigeuzageuza.

"Ilowesheni kwanza," akasema.

Wakailowesha. Waliitia kwenye beseni lile lile, wazazi wazima wamezunguka, wakaitoa, wakailaza kando ya rula. Mita ilikuwa mita. Ndipo wakaivuta mpaka ukingoni, na Nyamai mwenyewe akapiga magoti matopeni kusoma. Kumi na nane na nusu. Tangu Januari lilikuwa limekula nusu mita, na msimu wa mvua ulikuwa ndio kwanza unaanza.

Alikaa pale chini kidogo, akitazama ukuta wa darasa. Mjukuu wake alikuwa ndani, Gredi ya Pili.

"Jumatatu, saa moja asubuhi," alisema. "Kila nyumba, jembe moja na mtu wa kubeba mawe."

Walifanya kazi wiki tatu badala ya mbili. Mimi nilibeba mawe, na sikuwa na jinsi.

Tepu hiyo sasa inaning'inia kwenye msumari darasani, imeshika kutu, na sentimita kumi za mwanzo zimekatika. Watoto huanzia kwenye kumi, kisha wanatoa kumi mwishoni, na Mbithe anasema wamejifunza kutoa kuliko darasa lolote alilowahi kuwa nalo. Mimi nimestaafu, lakini kila Januari ananiita nishike ncha ya ukingoni. Mwaka jana nilisoma kumi na nane na nusu. Mwaka huu nikasoma tena kumi na nane na nusu, nikamwita kwa sauti kubwa, mkonge umesimama pande zote mbili zangu.

"Umejuaje?" aliuliza kutoka ukutani.

Nikainama, nikapima tena.