Farasi Anayeishiwa Pumzi

Juzi kwenye metro ya kwenda Rashidiya, mlinzi mmoja Mkenya alimwonyesha mwenzake programu ya simu inayochambua kasi ya farasi wa mashindano. Dubai hatuchezi kamari uwanjani, ila kuponi za kubashiri washindi hugawiwa bure, na zawadi zipo.

"Huyu achana naye," alisema, akigonga kioo kwa ukucha. "Anatoka na fujo, halafu mwisho anaishiwa pumzi."

Milango ikafunguka. Basi la kampuni yao, nje ya stesheni, halimngoji mtu, kwa hiyo mchambuzi wetu akachomoka, akatupita wote. Nilimkuta juu ya ngazi ameinama, kajishika kiuno.

Mwenzake akampita akitembea. "Buda, na wewe hiyo programu inakusemaje?"

Kwenye kuponi yangu ningemwandika huyo anayetembea.