Nusu Dola Iliyosuguliwa kwa Ukwaju

Jumatatu ile Hamad alikuwa na neno moja tu la kusema: anaacha kazi. Amepata nyingine Stratford, ghorofa ya sita, madirisha mpaka sakafuni, na mchana watampigia wasikie jibu lake. Miaka yote alikuwa amefungiwa chini ya duka la Mzee Gurpreet, Singasinga wa Nakuru aliyehamia Rayners Lane huku kwa Waingereza, lenzi jichoni, akitambua nusu dola za fedha za Amerika ya zamani.

Kazi ya ajabu, ukiisikia. Zamani zile mihuri ya kugongea sarafu ilichongwa kwa mkono, nyota moja moja, basi hakuna muhuri uliofanana na mwenziwe. Muhuri ukipata ufa, ufa unaacha uzi mwembamba juu ya fedha. Sarafu mbili zenye uzi uleule ni ndugu wa tumbo moja. Hamad alizijua nasaba zao kuliko za binamu zake wa Wete.

Ijumaa iliyopita sarafu moja ilimshinda kuitambua chini ya taa, mzee akamruhusu aende nayo nyumbani aitazame kwa jua. Akaiacha dirishani. Mamake, Bi Ummukulthum, akaikuta nyeusi kama sufuria ya kuni, na wageni wako njiani. Kwao Pemba fedha haionyeshwi watu ikiwa hivyo. Akaisugua kwa ukwaju na chumvi, kama bangili zake, mpaka ikameta.

"Kazi yako fedha, na kuisafisha hujui," alimwambia.

Weusi ule wa miaka mia mbili ndio walioutaka wanunuzi, na ukishatoka haurudi.

Jumatatu hiyo Mzee Gurpreet alisikiliza kisa chote, sarafu kiganjani. Hamad alingoja afukuzwe. Kwa kweli aliomba afukuzwe. Mzee akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mamangu angeongeza na ndimu," alisema. "Uzi wa ufa bado uko, ona. Hii hatuuzi, itakaa kwako ulinganishie zingine. Mtu mwingine ningemtoa leo. Lakini wewe Hamad ni mtoto wa hapa."

Akamsogezea chai ya tangawizi, akauliza kama kuna jingine.

Neno lilikuwa limefika kooni. Lakini mtu amekusamehe, na kikombe chake umekishika, utamuaga vipi?

"Hapana, mzee."

Akashuka ngazi, akawasha taa. Mchana simu ililia mfukoni, akaiacha ilie mpaka ikanyamaza.